Hatua Mia Mbili Kutoka Boti Hadi Mizani

Wadogo zangu, nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu nina miaka ishirini na sita na magoti yangu bado hayajaanza kutabiri mvua. Lakini kazi niliyostaafu ni kazi kweli, nimeifanya majira manne ya joto, na mmoja wenu ataichukua. Nilikuwa mshika wavu katika boti ya Mzee Barasa, kwenye mashindano yetu ya hisani ya kuvua bass katika mto Potomac, hapa Marekani. Wiki ijayo nahamia jimbo jingine kuanza kazi niliyosomea. Wavu nimeuacha nyuma ya mlango wa Mzee, umeoshwa, umekauka, na nimeukagua mara tatu kuona kama kuna fundo lililofunguka. Hakuna. Nitaukagua tena kesho.

Naandika kwa Kiswahili nikijua mtanijibu kwa Kiingereza. Sawa tu. Mzee Barasa naye atawapa amri kwa Kiswahili, na samaki akiwa kwenye ndoano hakuna muda wa kutafsiri.

Kwa asiyejua: bass ni samaki wa maji baridi, mgongo wa kijani, mdomo mpana kama mfuko wa koti. Katika mashindano yetu haliwi. Kila boti ina watu wawili. Mnatoka alfajiri, mnavua, mnachagua watano bora, mnawatunza hai katika tangi lililo ndani ya boti, na kabla ya saa nane mchana mnawafikisha mezani, kwenye mizani, ndani ya mfuko wa maji. Wakishapimwa wanarudishwa mtoni. Samaki akifa unakatwa uzito. Ukichelewa, kila dakika unakatwa ratili moja. Boti inayoshinda haipewi kikombe. Inapewa haki ya kutaja michango ya mwaka huo iende kufanya nini, na hakuna wa kuipinga.

Bi Zuhura, jirani yetu wa ghorofa ya chini hapa West End, Alexandria, aliposimuliwa utaratibu huu mara ya kwanza aliweka kikombe cha chai mezani.

"Mnamvua, mnampima, mnamrudisha?"

Mzee Barasa akamwambia ndivyo.

"Basi bora mngepima upepo, msingelowa."

Mzee ni mtu wa Bungoma. Aliendesha teksi miaka mingi mpaka macho yalipoanza kufifia, akaacha barabara akabaki na mto. Boti yake ni ya alumini, imebonyea ubavuni, na injini yake inakohoa kabla ya kuwaka kama mtu anayetaka kuhutubia. Nilipoanza naye, mimi nilikuwa nimehitimu mwezi uliotangulia. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi hadi nikaanza kuota barua za kukataliwa, na nikafanya kazi ya kupokea funguo za magari kwenye maegesho ya hoteli. Mshirika wake wa zamani alikuwa amehama. Baba yangu akanitaja bila kuniuliza. Mzee akaniangalia juu chini akasema anahitaji mtu mwenye macho, si mwenye misuli, na tangu siku hiyo akaniita Msomi.

Nianze na wavu, kwa sababu ndio mtakaokabidhiwa.

Samaki haendewi na wavu. Wavu unazamishwa majini, unatulia, halafu anayevuta mshipi ndiye anayemleta samaki, kichwa mbele, mpaka aingie mwenyewe. Ukimfuata kwa nyuma anaona kivuli, anapiga mkia, anakwenda. Hili nililisoma kwenye vitabu vitatu kabla ya siku yangu ya kwanza. Siku yenyewe samaki akatokea, nikaanza kufikiria pembe ya wavu, kasi ya maji, upande wa jua, kama Mzee amemaliza kumchosha au bado, na nilipofikia uamuzi samaki alikuwa ameshafikia wake. Mzee aliukunja mshipi polepole.

"Msomi," akasema, "samaki hajaomba ripoti."

Nilikosa usingizi kwa sentensi hiyo. Baadaye nikagundua dawa, na ninawapa bure: shikeni pumzi. Wavu ukishaingia majini, shika pumzi. Akili haiwezi kutunga mambo mengi wakati kifua kinadai hewa. Samaki akiingia, inua, pumua. Sijapoteza samaki wavuni tangu nilipoanza kufanya hivyo, isipokuwa mara mbili, na ninaweza kuwaeleza mara zote mbili kwa undani, lakini mama yangu ameniomba nisiwe narudia hadithi zile.

La pili ni tangi. Potomac mwezi wa saba ni supu. Maji ya tangi yanapata joto, samaki wanachoka, wanafikishwa mezani wakiwa matumbo juu. Majira yangu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kuliko mtu yeyote. Nilileta mfuko mzima wa barafu, na kila niliponusa wasiwasi nikatia barafu. Saa tano nikafungua tangi, samaki wamelala ubavu, wametulia kama wageni kwenye hotuba. Nikamwambia Mzee wamepumzika. Mzee akatia mkono ndani, akautoa haraka.

"Umewaweka jokofuni."

Watatu walikufa. Tulikatwa uzito hadi jina letu likawa la mwisho ubaoni, chini hata ya wale vijana wawili waliovunja fimbo yao na kurudi saa nne. Kwa hiyo sikilizeni. Chukueni chupa za maji, zigandisheni nyumbani, tieni moja tu tangini bila kuifungua, na ikiyeyuka ndipo mtie nyingine. Tieni mkono. Maji yawe kama maji ya mtungini, si kama maji ya Januari. Wala msimwage barafu ya dukani moja kwa moja, kwa sababu imetengenezwa na maji ya bomba yenye dawa ambayo sisi tunaivumilia na samaki haivumilii. Niliwaua watatu kwa upendo. Msirudie.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna kitabu kilichonionya.

Kutoka mahali pa kushushia boti hadi kwenye meza ya mizani ni hatua mia mbili. Nimezihesabu. Njia yenyewe ni ya nyasi, na pande zote mbili watu wetu hukaa kwenye viti vya kukunja, na majiko ya nyama yanawaka. Kuna wazee wa kanisa letu, wengi wao kutoka Kenya bara. Kuna Watanzania wa msikiti na wa kanisa. Kuna mama mmoja wa Bukavu ambaye salamu yake ni kugusana vipaji vya nyuso mara tatu, na ukiondoka baada ya mbili anakurudisha. Wote wamekuja kutuona. Na Mzee Barasa, katika maisha yake yote, hajawahi kumpita mtu mzima bila kumsalimu.

Majira ya pili tulifika na samaki wanne wazuri, wote hai, zikiwa zimebaki dakika tisa. Mzee alibeba mfuko. Hatua ya kumi akamkuta rafiki yake wa siku za teksi. Akauliza hali. Akauliza mke. Akauliza goti lililopasuliwa, na lile ambalo halijapasuliwa. Akauliza mama mzazi kule nyumbani, mvua, na ng'ombe aliyekuwa na mimba mwaka juzi. Kisha hatua tano, mzee mwingine, goti jingine. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiangalia saa, nikiangalia mfuko, nikiangalia saa. Nilimgusa kiwiko. Akadhani nataka kusalimu pia, akanisogeza mbele.

Tulifika dakika saba baada ya filimbi ya saa nane. Ratili saba zilikatwa, na tulizokuwa nazo hazikuzidi kumi. Mama wa mizani, Mmarekani mmoja mstaafu wa posta ambaye hutusaidia kila mwaka, alituhurumia waziwazi, lakini sheria ni sheria. Nilipomuuliza Mzee njiani kwa nini, hakuonyesha majuto hata kidogo.

"Ningempitaje, Msomi? Nimshike samaki mkono, niache wa mwenzangu?"

Majira ya tatu nikaja na mpango. Tungesalimu watu wote asubuhi, kabla ya kuondoka, ili mchana tusidaiwe salamu na mtu. Niliuandika mpango huo kwenye karatasi na mishale. Tukafika alfajiri, hakuna kiti hata kimoja. Watu wetu huja saa sita, na nyama. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeamka saa kumi na moja kuangalia wenzake wakiondoka. Mchana ule tulichelewa dakika tano, na hayo yakahesabiwa kuwa maendeleo.

Mtauliza kwa nini nisiubebe mfuko mimi nikakimbia. Ninyi mliokulia hapa mnaweza kuuliza hivyo. Mimi nilikuja kutoka Kitale nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuja na adabu yangu ndani ya begi. Kumsalimu mtu mzima kwangu ni mtihani tayari. Huyu wa Tanga anataka shikamoo. Huyu wa Kitale ukimwambia shikamoo anageuka kuangalia nani mzee nyuma yake. Huyu mkono, huyu paji la uso, huyu mkono wa kulia na wa kushoto umeshika kiwiko. Naweza kuutafakari mlango wa sherehe robo saa kabla sijaugonga. Sasa nipite mbele ya watu wote hao mbio, na samaki, kimya? Hadithi ingefika kwa mama yangu kabla sijafika mezani.

Kwa hiyo kwa majira matatu tuliendelea kushindwa kwa heshima.

Halafu baridi iliyopita gari la wagonjwa likafa.

Bi Zuhura ana maradhi ya figo, husafishwa damu kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kulikuwa na basi dogo ambalo kanisa na msikiti walilitunza pamoja kuwapeleka wagonjwa kama yeye, na injini yake ikavunjika mwezi wa pili, ikawa haina maana kuitengeneza. Akaanza kupanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Kwenda si kitu, mtu yuko na nguvu. Kurudi ndiko. Siku moja Mzee alimkuta amekaa kwenye ukingo wa theluji karibu na kituo, mkoba mapajani, akisema anapumzika kidogo. Mzee haruhusiwi tena kuendesha gari kwa sababu ya macho. Akanipigia simu. Tangu siku hiyo nikawa ninampeleka na kumrudisha, nikabadilisha zamu zangu hotelini, na ndani ya gari langu dogo nikasoma chuo kingine.

Kwa sababu, wadogo zangu, mwalimu wangu wa pili wa uvuvi hajawahi kukanyaga boti yetu. Nilikuwa nikimlalamikia Bi Zuhura kwamba Potomac hauaminiki, asubuhi samaki wako kwenye majani, mchana hawapo, na kwamba hata kina cha maji kinabadilika. Akanigeukia.

"Kinabadilika vipi?"

Nikamwambia yanapanda, yanashuka, mara mbili kwa siku, kwa sababu huku chini mto unavutwa na bahari.

"Mto unaopwa na kujaa," akasema. "Na mmekwenda huko miaka mitatu, Mluhya na mwanafunzi wake, bila kuniuliza."

Amezaliwa Tanga. Utotoni alikuwa akienda na mama yake kuokota chaza maji yakitoka. Akanifundisha kwenye foleni za barabarani, kwa vidole juu ya kioo chenye ukungu. Maji yakijaa, samaki anaingia ndani kabisa ya majani, amelala, hana haja nawe. Maji yakianza kupwa, kila kilicho ndani hutoka: wadudu, dagaa, kamba wadogo. Na mkubwa anakaa wapi? Mlangoni. Anasubiri kulishwa kama bwana harusi. Kwa hiyo usimkimbilie. Kaa pale kijito kinapotokea mtoni, ukingoni mwa majani, usubiri maji yageuke.

"Lakini ujue na wewe uko ndani ya maji hayo hayo," aliongeza. "Yakitoka hayakuagi."

Hilo la mwisho sikuliandika. Nililisikia kama methali.

Mwezi wa tano nikapata kazi. Jimbo jingine, mwanzo mwezi wa tisa. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kama saa moja hivi. Halafu nikaanza kuhesabu Jumanne. Niliposhindwa kunyamaza nikamwambia Bi Zuhura tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Akanipongeza, akaniombea, akasema mabasi bado yapo. Jioni hiyo nikamwambia Mzee Barasa kwamba mwaka huu lazima tushinde, ili ataje gari. Akasema hilo analijua tangu mwezi wa pili. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba mwaka huu mfuko nibebe mimi.

Ndivyo tulivyofika kwenye mashindano ya mwisho.

Mpinzani wetu alikuwa Mutiso, fundi wa kompyuta wa Falls Church. Ni mtu mwema, mcheshi, na boti yake ina skrini tano na rangi inayometameta kama viatu vya harusi. Alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo, na safari hii alitaka kutaja sakafu mpya ya ukumbi wa vijana. Alfajiri alikuja kutuchungulia.

"Mzee, hiyo injini imepona kikohozi?"

"Inaomba kabla ya safari," Mzee akamjibu. "Yako inakwenda bila kuomba, ndiyo maana ina haraka."

Mutiso akacheka mpaka akaegemea boti yetu, ikabonyea kidogo zaidi. Honi ilipolia, yeye na wenzake waliruka kuelekea kusini, wakiacha mawimbi na moshi. Sisi tukakohoa hadi mdomo wa kijito kimoja, si mbali, tukashusha nanga ukingoni mwa majani. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Nikasema tusubiri.

Saa tatu nzima tulisubiri. Sijui kama mnaelewa maana ya saa tatu kwa mtu kama mimi. Nilikagua ratiba ya maji kwenye simu mara zisizohesabika, nikaanza kushuku kama Bi Zuhura alisema mlangoni au kando ya mlango. Mzee aliimba nyimbo za kanisa kwa Kibukusu, akarusha chambo, akakirudisha, akarusha. Kitu pekee kilichopatikana ni samaki wa kichwa-nyoka, mrefu kama mkono wangu, ambaye wasimamizi wa mto wanaomba ukimshika umuue kwa sababu ni mgeni na anakula wenyeji. Mzee alimmaliza kwa pigo moja, akamweka kwenye sanduku la barafu kwa heshima zote.

"Mgeni anayekula vizuri," akasema. "Ndugu yetu huyu. Jioni tutamla."

Halafu, kama saa nne hivi, jani moja lililokuwa limesimama tuli likageuka. Likaelekea mtoni. Maji yalikuwa yameanza kutoka.

Sitawasimulia kila samaki. Nitasema tu kwamba Bi Zuhura alisema kweli, walikuwa mlangoni. Wa kwanza alishika kabla chambo hakijazama vizuri. Nikazamisha wavu, nikashika pumzi, akaingia. Wa pili. Wa tatu alikuwa mkubwa hata Mzee akaacha kuimba. Nilibadilisha chupa za tangi moja moja, nikatia mkono, maji ya mtungini. Wa nne. Tulikuwa tunacheka sisi wenyewe, mzee na msichana, kwa sauti za chini kama watu wanaoiba maembe. Wa tano alichelewa. Tulimsubiri, na alipokuja alikuja mzito, akazunguka boti mara mbili, nikashika pumzi mpaka nikaona nyota, akaingia.

Watano, hai. Saa saba kasoro robo. Kufika kunachukua nusu saa. Nikavuta nanga, Mzee akawasha injini, ikakohoa, ikawaka, na boti haikusogea.

Tulikuwa tumekaa kwenye tope.

Maji yaliyotuletea samaki yalikuwa yametutoka chini ya miguu. Watu wawili wa bara, mmoja wa Bungoma na mmoja wa Kitale, tumefurahia maji kupwa kwa saa tatu bila kukumbuka kwamba na sisi tunaelea juu yake. Mzee akasukuma kwa kasia, kasia likazama. Mimi nilianza kuona mambo yote kwa mpangilio: filimbi, Mutiso, sakafu, kituo cha basi, theluji. Kisha nikafanya jambo ambalo kwa kawaida hulifikiria siku mbili. Nikapiga simu bila kupanga la kusema.

Bi Zuhura alikuwa ameshafika kwenye nyasi, nilisikia watu nyuma yake. Nikamweleza. Hakunigombeza.

"Uzito uko wapi?"

"Nyuma. Injini, na mimi."

"Inueni injini. Nendeni mbele wote wawili, na sanduku la barafu. Nyuma itainuka. Halafu msisukume chini, sukumeni majani. Majani yana mizizi, tope halina."

Tukafanya hivyo. Mzee akalilaza kasia kwenye mashina ya majani, mimi nikasukuma kwa mpini wa wavu, boti ikakwaruza, ikanyonywa, ikakwaruza, ikateleza. Ilituchukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tulipogusa ukingo wa mahali pa kushushia boti zilikuwa zimebaki dakika tatu. Nikachota samaki kuwatia mfukoni, mmoja mmoja. Mzee akanishika bega.

"Nenda," akasema. "Mimi nitawasalimu."

Nikapanda juu ukingoni. Na mbele yangu, hatua mia mbili, walikuwa wote. Viti vimejaa. Wazee wameona nani anakuja, wameanza kunyoosha mikono. Mama wa Bukavu alikuwa ameshasimama, paji la uso tayari. Mfuko ulikuwa mzito, maji yanagonga goti, na nilihisi mdomo wangu ukijipanga kwa habari, hujambo, shikamoo, umeamkaje, zote kwa pamoja, na miguu ikianza kupunguza mwendo yenyewe.

Nikashika pumzi.

Nikakimbia. Nilipofika kwenye kiti cha kwanza pumzi ilinitoka, na ikatoka na sauti ambayo sikujua ninayo.

"Shikamooni nyote!"

Nilikuwa nimeshawapita kumi jibu lilipokuja. Lilianza kwa Watanzania, likadakwa na Wakenya ambao hawajaitikia salamu hiyo tangu shule, mama wa Bukavu akalipigia makofi, likanifuata kwa nyuma kama upepo unaosukuma: marahabaaa. Njia nzima. Nilikimbia ndani ya marahaba hiyo mpaka mezani, nikaweka mfuko, na filimbi ikalia nikiwa bado nimeushika.

Mama wa posta akaangalia saa, akaangalia mfuko, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mutiso alikuwa ameshapimwa. Akasogea karibu; walioisikia simu yangu kwa Bi Zuhura walikuwa wameshamsimulia. Samaki wetu watano wakatiwa kwenye beseni, wote mapezi yakicheza, na mshale wa mizani ukapanda, ukarudi, ukapanda, ukasimama. Tulimzidi. Tulimzidi kwa chini ya nusu ratili. Fikirini hesabu hiyo, wadogo zangu, maana mimi nimeifikiria kila siku tangu hapo. Dakika moja. Goti moja la mzee mmoja.

"Nina skrini tano," Mutiso akasema, akinipa mkono, "na hakuna hata moja iliyoniambia kuhusu Bi Zuhura." Kisha, kabla sijajibu, akamwambia mama wa posta aandike mahali kwamba Alhamisi dereva wa Bi Zuhura ni yeye.

Ilibidi tumsubiri nahodha ili ataje. Mzee Barasa alikuwa bado kwenye hatua ya sitini hivi, ameshika mkono wa mtu kwa mikono yake miwili, anauliza ng'ombe. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika, suruali imejaa tope hadi magotini, alivua kofia akasema maneno machache kuliko anayotumia kwa salamu moja. Alisema gari la wagonjwa. Akakaa.

Watu walishangilia, na mimi nikageuka nyuma. Niliona njia nzima niliyoipita mbio. Hakuna mtu aliyeonekana kukasirika, lakini mnanijua. Nikamwomba Mzee anitazamie samaki wakirudishwa mtoni, nikashuka mpaka kwenye kiti cha kwanza kabisa, kule karibu na boti, nikaanza. Mkono. Shikamoo. Paji la uso, mara tatu kamili. Goti lililopasuliwa, na lile ambalo halijapasuliwa. Sikuangalia saa. Ilinichukua muda mrefu kuliko kuvua samaki wote watano, na sikumbuki kama nilipanga sentensi hata moja.

Bi Zuhura alikuwa wa mwisho, chini ya mwavuli, mkoba mapajani.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu." Akasogeza mkoba, akanionyesha nafasi kwenye nyasi. "Haya. Maji yalikuwaje?"

Nikakaa miguuni pake, nikaanza na lile jani lililogeuka.